Njia Mbili za Kujifunza Muziki katika Pwani ya Waswahili

Katika pwani yetu husemwa kwa wepesi kuwa mwanamke huimba na mwanamume hupiga. Maana yake ni kwamba sauti ni fungu la wake na ala ni fungu la waume, na kuwa mgawanyo huo umetoka katika maumbile kama vile ndevu na unyonyeshaji. Neno hili halikosi ushahidi. Mtu akizitazama picha za vikundi vya taarabu vya karne ya 20, ataona fidla, udi, kanuni na ngoma mikononi mwa wanaume, na mbele yao ataona mwanamke mmoja au safu ya wanawake waliosimama kuimba. Jambo lililoonekana kwa miaka mia huwa jepesi kuaminiwa kuwa halikuwa na mwanzo.

Lakini kuonekana kwa jambo si sababu ya jambo. Nia ya insha hii ni kuuliza mgawanyo huo umetoka wapi, na hasa kuuliza mtu mzima wa pwani alijifunza muziki wapi, kwa nani, saa gani, na kwa mali ya nani. Nimechagua watu wazima kwa makusudi. Watoto wote huimba na wote hupiga makopo. Si katika utoto ndipo njia zinapoachana. Ni baada ya utoto, mtu anapopewa staha ya kulinda, kazi ya kufanya na nyumba ya kutunza, ndipo mlango mmoja hufunguliwa na mwingine hufungwa. Kwa kuwa habari za pwani nzima ni nyingi kuliko kurasa hizi, nitaelekeza macho zaidi Unguja, na nitagusa Mombasa na Tanga pale ambapo mfano wake unasaidia.

Tuanze na mahali ambapo njia bado ni moja. Katika chuo cha Kurani mtoto wa kike na mtoto wa kiume hukaa juu ya jamvi moja mbele ya mwalimu mmoja. Wote hufundishwa kutoa herufi mahali pake, kuvuta pumzi, kurefusha na kukata sauti. Elimu hiyo haiitwi muziki, na wenye elimu hiyo hawapendi iitwe hivyo. Lakini hapana shaka kuwa sikio na koo hupata mazoezi yake ya kwanza pale. Kadhalika tenzi zilighanwa majumbani kwa mahadhi yanayojulikana, na wanawake walizighani na kuzitunga. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake wa wasia kwa binti yake mwaka 1858, na utenzi huo ulidumu katika vinywa vya wanawake kabla haujadumu katika vitabu. Basi sauti ilikuwa mali ya wote wawili tangu zamani. Jambo la kutafuta ni ala.

Njia ya wanaume yaweza kusimuliwa kwa tarehe, nayo ni sifa yake ya kwanza: imeandikwa. Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hata 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Na aliporudi akawafundisha wengine, likawa kundi la kuburudisha jumba la mfalme. Wanahistoria hushindana juu ya ukubwa wa sehemu ya Barghash katika asili ya taarabu, lakini habari hii yatosha kuonyesha jambo moja. Elimu ya kupiga ala ilifika kwa safari ya mbali, kwa gharama ya hazina, na kwa mtu mzima aliyeweza kupanda merikebu na kukaa ugenini miaka kadhaa. Hapakuwa na mwanamke wa Unguja wa zama zile ambaye angeweza kutumwa hivyo, awe na kipawa au asiwe nacho.

Baada ya jumba la mfalme ikaja klabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nia safi, jina lililotokana na wanazuoni wa Basra wa zamani. Chama hicho kipo hata leo, na umri wake umepita miaka mia moja. Waanzilishi wake hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Walikuwa watu wenye shughuli zao mchana, na usiku walikutana, wakachanga fedha, wakaagiza ala kutoka Misri, wakafundishana. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua, na wote pamoja walijifunza kwa kusikiliza. Baadaye, santuri za Misri zilipofika, sahani ya santuri nayo ikawa mwalimu, maana yaweza kurudiwa mara kumi bila ya kuchoka wala kudai ujira.

Tuzitazame sharti za elimu hii. Kwanza ni nyumba: mahali ambapo ala hulazwa na mtu huweza kukosea bila ya kuchekwa na mtaa mzima. Pili ni saa: baada ya magharibi, wakati kazi za mwanamume zimekwisha na kazi za mwanamke ndiyo kwanza zinapamba moto. Tatu ni mchango: fedha ya mkononi ya kununua nyuzi na kutengeneza kilichovunjika. Nne ni mwalimu ambaye mwanafunzi aweza kuketi naye goti kwa goti, amshike mkono na kumwekea kidole juu ya uzi. Kupiga udi au fidla hakufundishiki kutoka nyuma ya pazia. Sharti zote nne zilikuwa nyepesi kwa mwanamume na nzito kwa mwanamke mwenye staha, hata kama hakuna mtu aliyewahi kuandika kanuni ya kumkataza.

Njia nyingine ya wanaume ilikuwa kazi. Sultani alikuwa na bendi ya matarumbeta iliyopigwa na Wagoa. Dola za kikoloni zilikuwa na bendi za askari, na misheni zilifundisha kupuliza na kupiga kwa namna ya Ulaya. Kutokana na mifano hiyo pwani ilizaa beni katika miaka ya 1890, ngoma ya vyama vyenye vyeo, sare na gwaride, ambayo ilisambaa hata bara. Mtu mzima aliyeandikwa askari au mpishi wa misheni aliweza kurudi nyumbani akijua tarumbeta. Wanawake hawakuandikwa askari. Kwa hiyo hawakujua tarumbeta. Hapa sababu ni ya ajira tu, wala haihitaji maelezo ya maumbile.

Ama njia ya wanawake, ni kosa kubwa kudhani kuwa haikuwapo kwa sababu haikuandikwa. Ilikuwapo, na pengine ni kongwe kuliko ile ya wanaume iliyosimuliwa hapa. Mlango wake mkuu ni unyago. Msichana alipobaleghe alikabidhiwa kwa kungwi, na Mombasa na Lamu kwa somo wake, akafundwa mambo ya utu uzima wa kike. Mafunzo hayo hayakutolewa kwa maneno makavu. Yalitolewa kwa nyimbo zenye mafumbo, kwa mchezo wa mwili, na kwa ngoma. Na ngoma hizo zilipigwa na wanawake wenyewe, kwa sababu mwanamume haruhusiwi kuingia. Penye haja ya siri palikuwa na haja ya mpigaji wa kike, na palipokuwa na haja mpigaji alipatikana.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili aliishi mpaka zama zetu. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude, alikuwa kungwi na mpigaji wa msondo, ngoma ndefu inayofungwa kiunoni na kupigwa kwa mikono, mpigaji amesimama na ngoma imo baina ya miguu yake. Ni ngoma inayotaka nguvu ya mabega, subira ya mapigo na sikio lisilopotea katikati ya sauti za watu wengi. Aliipiga akiwa mzee sana, mbele ya watu wa mabara mengi, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa kazi ya maisha yake. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mtu aliyemwona akipiga msondo kisha akasema kuwa mkono wa mwanamke hauna maumbile ya kupiga ala, huyo hakuhukumu kwa alichokiona.

Nje ya unyago palikuwa na vugo, pembe za nyati zilizopigwa kwa vijiti na wanawake katika harusi za Mombasa na Lamu, na palikuwa na lelemama. Lelemama ilikuwa ngoma ya vyama. Kila chama kilikuwa na viongozi, vyeo, sare na mahasimu, na washindani walitoleana nyimbo za kuumbuana. Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa na kutoa kitabu juu yao mwaka 1979, ameonyesha jinsi vyama hivyo vilivyowapa wanawake waungwana na waliotoka utumwani uwanja wa uongozi ambao hawakuupata penginepo. Kwa shabaha yetu, tuviite pia madarasa. Mwanamke aliyeingia lelemama alijifunza nyimbo mpya kila msimu, alijifunza kujibu kibwagizo kwa wakati wake, na aliyekuwa na kipawa alijifunza kutunga shairi litakalomchoma mpinzani bila ya kumtaja.

Sasa tulinganishe njia hizi mbili, kwa sababu hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Mwanamume wa klabu alijifunza chombo kimoja, kwa muda mrefu, kwa kuketi, na mbele ya rafiki zake. Mwanamke wa ngoma alijifunza mambo mengi kwa pamoja, sauti, mwili, pigo na neno, kwa kusimama, na ndani ya shughuli yenyewe. Hakuwa na siku ya mazoezi tofauti na siku ya harusi. Mwanamume alifundishwa na mtu wa rika lake au aliyemzidi kidogo. Mwanamke alifundishwa na bibi. Elimu ya mwanamume ilipata jina la sanaa na ustadi, na mwenye nayo aliitwa fundi au mwalimu. Elimu ya mwanamke iliitwa mila, mambo ya kike, au ngoma tu. Kwa hiyo ilipofika siku ya kuandika historia ya muziki, mwenye kalamu aliingia klabuni akauliza majina na tarehe, akapewa. Uani hakuingia, na pengine hakuruhusiwa. Tofauti ya kujifunza ikawa tofauti ya kukumbukwa.

Baina ya njia hizi mbili alisimama Siti binti Saad, na ndiyo maana habari zake hazichoshi kurudiwa. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, katika jamaa ya watu wa hali ya utumwa; utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Alifinyanga na kuuza vyungu. Hakupata chuo wala shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, naye wakati ule alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi aliyekwisha olewa na kuzaa. Kwa hesabu ya kawaida, umri wa kujifunza ulikuwa umempita.

Mjini husemwa kuwa mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa aliisikia sauti yake, akamfundisha kuimba kwa ala na kuimba kwa Kiarabu. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Siti hakupata elimu ya klabu kwa kuingia klabu. Elimu ile ilimjia yeye, na ilimjia kwa sababu alikuwa mwanamke asiye na cheo. Binti wa jumba la mawe asingeweza kuketi na wapigaji wa kiume usiku. Staha ya ukoo wake isingemruhusu. Mfinyanzi wa Fumba hakuwa na kitu cha kupoteza ambacho mji ulikithamini. Umaskini wake, uliokuwa mzigo katika kila jambo jingine, ulikuwa ufunguo katika jambo hili moja. Baadaye heshima ilimfuata, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye daraja. Lakini mlango aliouingilia haukuwa wa heshima.

Tena alijifunza kwa sikio na kumbukumbu peke yake. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alimtukuza kwa kulibeba hilo kwa nguvu ya akili na bidii. Nyimbo za Kiarabu, za Kihindi na za Kiswahili aliziweka moyoni. Alikuwa na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Mbaruku bin Talsam, Budda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban, nao walikutana nyumbani kwake Ng'ambo usiku hata usiku. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za Unguja, ameeleza jinsi baraza ya nyumba ile ilivyokuwa mahali pa kuleta habari za mtaa, kuzijadili na kuzigeuza nyimbo. Habari za mahakama, za mahabusu na za wanawake walioonewa ziliingia katika utunzi. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti ya mwanamke wa Unguja ikauzwa madukani kutoka Lamu hata bara ya mbali.

Tukiitazama nyumba ile kwa sharti nne tulizozitaja, tunaona kwamba zote zilitimia: palikuwa na nyumba, na nyumba ni ya mwanamke, palikuwa na saa za usiku, palikuwa na fedha iliyotokana na kazi yenyewe, palikuwa na wenza wa kuketi nao. Zilipotimia, elimu ilitokea. Lakini hata pale ala zilibaki kwa wanaume, na Siti alibaki na sauti. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na njia aliyoifungua ilikuwa pana kwa waimbaji na nyembamba kwa wapigaji.

Katika zama zake na baada yake wanawake wa Unguja waliunda vilabu vyao vya taarabu. Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun ni miongoni mwa majina yaliyovuma kabla na baada ya katikati ya karne ya 20. Vilikuwa na desturi za lelemama ndani ya vazi la taarabu: uongozi, sare, michango, uhasama, na nyimbo za mafumbo ambazo kila upande ulijua zimemlenga nani. Mahadhi mara nyingi yaliambatana na kidumbak, yaani ngoma mbili ndogo, fidla, na sanduku la chai lililotiwa uzi na kuwa besi. Na wapigaji wa fidla na sanduku walikuwa wanaume walioitwa kwa ujira.

Kwa nini vilabu vyenye fedha, uongozi na bidii havikufundisha wanachama wake kupiga fidla? Watu wawili wanaweza kujibu swali hili kwa namna mbili. Wa kwanza atasema walizuiwa. Mwalimu wa fidla alikuwa mwanamume, na kuketi naye faragha kila siku kwa mwaka mzima ni jambo ambalo mume, kaka au jirani angelisemea. Wa pili atasema hawakutaka. Katika taarabu ya wanawake kilichokuwa na thamani ni neno. Mwanamke aliinuka na noti mkononi akaenda kumtuza mwimbaji kwa sababu ubeti ule ulisema lililo moyoni mwake. Hakuna aliyeinuka kumtuza mpiga sanduku kwa pigo lake. Kwa hiyo wenye shughuli walikuwa wanawake, na wapigaji walikuwa watumishi wao wa usiku mmoja. Tajiri hajifunzi upishi ikiwa aweza kumwajiri mpishi.

Majibu haya mawili hayapingani. Yaliyo magumu kupatikana huonekana hayana thamani machoni pa aliyezoea kuyakosa, na yaliyo mepesi kupatikana hukuzwa mpaka yakawa ustadi. Wanawake waliukuza utunzi na uimbaji kwa sababu huko hapakuwa na kizuizi. Lakini uchaguzi huo ulikuwa na bei. Mpigaji ndiye ajuaye mahadhi yanavyojengwa, ndiye aamuaye ufunguo wa sauti, na ndiye awezaye kuondoka na elimu yake kwenda kwa mwingine. Chama kilichokodi wapigaji kilimiliki maneno yake na kukodi muziki wake.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalibadili mambo mengi ya Unguja, na taarabu haikuachwa nyuma. Vilabu viliingia chini ya uangalizi wa serikali na chama, na wanawake wakaonekana zaidi na zaidi katika vilabu vikubwa kama waimbaji pamoja na wanaume, kikiwamo Culture Musical Club, kilichoasisiwa mwaka 1958. Tanga nako vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa katika taarabu na kuwaweka wanawake mbele ya kipaza sauti. Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, alitoka huko na sauti yake ikajulikana Afrika Mashariki nzima. Kisha katika miaka ya 1990 ikavuma taarabu ya kisasa ya Dar es Salaam, na Khadija Kopa, aliyeanzia Culture Musical Club, akawa miongoni mwa vinara wake. Ukumbi ulijaa wanawake, mashairi yalisema habari za wanawake, na nyota walikuwa wanawake.

Hata hivyo tazama nyuma ya mwimbaji. Kinanda cha umeme kilichochukua nafasi ya fidla nzima za kundi kilipigwa na mwanamume, na gitaa vivyo hivyo. Kushiriki kuliongezeka, na kujifunza hakukubadilika. Mwimbaji wa kike aliupokea wimbo ulio tayari: mtunzi aliuleta, mpigaji akaupa mahadhi, na yeye akasomewa ubeti kwa ubeti mpaka akaushika. Ilikuwa ni elimu ya kweli, yenye kutaka akili kali, lakini ni elimu ya kuhifadhi jengo lililokwisha jengwa. Tunajifunza hapa kuwa mtu anaweza kuwa mbele ya jukwaa na nyuma ya elimu kwa wakati mmoja.

Mageuzi yalikuja kwa mlango usiotazamiwa, nao ni shule. Mwaka 2002 kilifunguliwa Mji Mkongwe, katika jengo la forodha ya zamani, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kufundisha muziki wa pwani kwa yeyote aliyetaka. Shule ni kitu kigeni kwa taarabu, lakini ilitimiza sharti nne kwa mara moja. Ilitoa nyumba isiyo ya mtu. Ilitoa saa za mchana. Ilitoa ala ambazo mwanafunzi hakulazimika kuzinunua kabla ya kujua kama anaziweza. Na ilitoa mwalimu aliye kazini, ambaye kuketi naye huitwa kusoma, wala hakuitwi jina jingine. Neno hili moja, kusoma, lina heshima katika pwani. Binti aliyebeba fidla kwenda kusoma hatazamwi kama binti aliyebeba fidla kwenda kupiga.

Matokeo hayakuchukua muda mrefu. Wanawake walijifunza udi, fidla na kanuni, ala ambazo kwa karne nzima zilihesabiwa za kiume. Mwaka 2009 Mariam Hamdani aliongoza kuundwa kwa Tausi, kundi la taarabu la wanawake ambamo wanawake hawakusimama kuimba tu, waliketi kupiga. Wengine wao hawakuwa wasichana. Walianza wakiwa watu wazima wenye nyumba na watoto. Baadaye vikatokea vikundi vya vijana ambamo mwanamke hushika udi na wanaume kwa wanawake hushirikiana, na si ajabu tena. Kama mgawanyo wa kale ungalitokana na maumbile, miaka michache ya shule isingaliweza kuugeuza. Maumbile hayabadiliki kwa sababu jengo la forodha limepata wapangaji wapya.

Basi jambo limekwisha? Sidhani, na hapa nataka msomaji awe mwangalifu. Tumezoea kuipima haki kwa kuhesabu wanawake walioingia katika elimu ya wanaume. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kuuliza elimu ya wanawake yenyewe imewekwa wapi. Mwanamke akifundishwa kanuni na msondo ukaachwa ufe na wazee, tutakuwa tumempa chombo kimoja na kumnyang'anya kingine, tena tukakiita kitendo hicho maendeleo. Elimu ya kanuni ina walimu Cairo, Istanbul na Unguja, ina vitabu na santuri. Elimu ya msondo na ya nyimbo za unyago ilikuwa katika vifua vya makungwi, na kungwi anapofariki bila ya mrithi hakuna mahali pa kwenda kuagiza nyingine.

Nakubali kuwa pana ugumu. Unyago ni siri, na siri ina haki yake. Si kila kilichofundwa uani kinastahili kuchapwa, na mtafiti mwanamume, hata awe na nia njema namna gani, hana ruhusa ya kuingia kwa sababu ana daftari. Lakini pigo la ngoma si siri kama maneno ya mafunzo. Bi Kidude mwenyewe alionyesha mpaka huo: alilipiga pigo la msondo mbele ya walimwengu, na mengi ya ndani akayaacha ndani. Kazi ya kuandika mapigo, majina ya ngoma, namna mpigaji mpya anavyokabidhiwa nafasi ya pili kabla ya kwanza, na majina ya makungwi waliosifika, inawezekana bila ya kuvunja amana. Inafaa ifanywe na wanawake wasomi, katika nyumba zao na kwa bibi zao, na vyuo vyetu viihesabu kuwa ni elimu ya muziki, si pambo la elimu ya mila.

Kwa muhtasari, historia ya Unguja na pwani haionyeshi kuwa mwanamke aliumbiwa kuimba na mwanamume kupiga. Yaonyesha kuwa mwanamume alipata nyumba, saa, fedha na mwalimu wa ala zilizotoka ng'ambo, na mwanamke alipata uga, bibi na ngoma zilizotoka nyumbani. Kila mmoja akawa stadi wa alichopewa, kisha mji ukauita ustadi wa mmoja sanaa na wa mwingine desturi. Siti binti Saad alipita baina ya pande mbili kwa sababu hakuwa na daraja ya kumzuia. Wanafunzi wa leo wanapita kwa sababu pana shule. Iliyobaki ni safari ya kurudi upande wa pili: kuyaandika na kuyafundisha yale ambayo wanawake walijua kabla ya fidla ya kwanza kushushwa bandarini. Makungwi waliofundwa zamani wanapungua mwaka hata mwaka, na wanafunzi wanaosoma kurasa hizi wengi wao wana bibi wa kuwauliza.